Mtu Mmoja, Ugonjwa Mmoja

Sogeeni karibu. Anayekohoa akae pale dirishani, si kwa kubaguliwa bali kwa ajili ya upepo, na anayesinzia alale moja kwa moja, maana sitarudia. Hii ni habari ya Chande, fundi wa kuunda majiko ya mkaa, mtu mwema ila hasira zake zipo puani, na ya mdogo wake Siwatu, na ya nchi waliyofikia inayoitwa Upimwani. Msiitafute kwenye ramani. Mkiitafuta kwingine huenda mkaiona.

Siwatu alikuwa amekonda. Mwanzoni mashoga zake walimsifu, wakamuuliza anakula nini hata kiuno kimerudi cha usichana. Kisha ikaja kiu. Alikuwa anaweza kuumaliza mtungi peke yake na bado akaangalia ndoo ya jirani. Baada ya kiu kikaja kikohozi, na jasho la kulowesha shuka, na hapo mashoga wakaacha kusifu. Zahanati ya kwao ilikuwa na mlango mzuri na kufuli zuri zaidi, na tabibu wake alikuwa semina tangu mvua za vuli.

Watu wakasema, mpelekeni Upimwani. Kule kuna maprofesa kama uyoga. Watu wa kule wamepimwa kuliko watu wote chini ya jua, wanajulikana ndani nje, hadi mate yao yana majina.

Mama yao alimfunga Siwatu kanga ya pili begani, akamgeukia Chande. "Mwanangu," akasema, "usije ukanirudishia nguo zake. Mimi namtaka mwenye nguo."

"Nitamrudisha, mama."

"Kwa miguu yake."

"Kwa miguu yake, mama."

Basi hilo ndilo alilolibeba Chande. Njia nawaachia wenye miguu waisimulie, mimi nasema tu walifika.

Langoni mwa Upimwani hakuna anayekuuliza unatoka wapi wala unaitwa nani. Ofisa aliyevaa koti jeupe alimtazama Chande akauliza, "Wewe ni ugonjwa gani?"

"Mimi ni Chande."

"Sikukuuliza hilo. Ugonjwa gani?"

"Mimi ni mzima, bwana. Mgonjwa ni huyu mdogo wangu."

Yule ofisa alimwonea huruma ya kweli, usoni ilionekana. "Pole," akasema. "Usivunjike moyo. Hata wazima tunawatafutia nafasi." Akamfunga utepe wa buluu mkononi. Utepe wa buluu, akaeleza, ni wa Wazima wa Kulinganishia: kazi yao ni kukaa karibu na wagonjwa ili ionekane wagonjwa wanaumwa kiasi gani.

Maana sheria ya kwanza ya nchi ile, iliyoandikwa juu ya lango kwa herufi za shaba, ni hii: MTU MMOJA, UGONJWA MMOJA. Huko ugonjwa ndio ukoo. Wenye utepe mwekundu ni watu wa Jumba la Wadudu, wanaomilikiwa na maradhi ya kuambukiza. Wenye utepe mweupe ni wa Jumba la Sukari. Majumba yenyewe yanatazamana, yana vioo vitupu, na katikati yake pamepita barabara ambayo profesa wa upande huu haivuki kwenda upande ule hata akiitwa kwenye pilau.

Siwatu alikohoa, ofisa akachukua utepe mwekundu. Siwatu akaomba maji, akanywa, akaomba tena, ofisa akaurudisha mwekundu akachukua mweupe. Siwatu akakohoa tena. Yule bwana alibaki na tepe zote mbili mkononi kama mtu aliyeulizwa mtihani wa darasa lisilokuwa lake. Mwisho hakumfunga wowote. "Huyu asubiri," akasema.

Wakapanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Kidawa, mwanamke wa utepe mweupe, mnene wa maneno, aliyekuwa na kidonda mguuni kilichofungwa kwa kipande cha kanga na hakikutaka kupona. Alipowafungulia mlango hakutoa mkono. Alinyoosha kidole kimoja, ncha juu.

"Kidole?" akasema.

Chande akadhani anaonyeshwa kitu darini, akatazama juu. Bi Kidawa akacheka hadi akashika nguzo. "Wageni nyie! Ndiyo salamu yetu. Mtu akikuambia 'kidole', nawe unatoa chako. Mwenye sindano atoboe, asiye nayo aguse tu, basi, mmesalimiana."

Na kweli walikuwa wakitobolewa, jamani, asubuhi na jioni. Wapimaji walipita nyumba kwa nyumba na masanduku ya barafu. Mmoja alisimama uani kwa Bi Kidawa, akamwambia, "Sema nimeelewa."

"Nimeelewa," akasema Bi Kidawa.

Hapo ndipo mpimaji alipofungua karatasi ndefu akaanza kusoma kwa lugha ambayo hata paka wa nyumba ile hakuijua. Sheria inataka ridhaa itangulie usomaji, kwa kuokoa muda. Alipomaliza kusoma na kutoboa, akampa Bi Kidawa shukrani yake: fulana iliyoandikwa NIMECHANGIA, kipande cha sabuni, na soda ya chungwa.

"Mama," akauliza Chande, "si wamekwambia una sukari?"

"Sana! Sukari yangu ni maarufu."

"Na wanakupa soda?"

"Sasa wangenipa nini, mwanangu, na damu wamechukua?" Akaigugumia, akafuta midomo. "Wewe huijui damu yangu. Damu yangu imepanda ndege. Imevuka bahari ndani ya barafu, imelala ng'ambo kwenye jumba lenye taa usiku kucha. Mimi mwenyewe sijavuka hata mto ule pale, walininyima kibali. Lakini damu yangu, alhamdulillahi, imetembea."

Chande alitaka kusema neno, Siwatu akamkanyaga mguu.

"Na majibu yake?" Siwatu akauliza kwa upole.

Bi Kidawa akashusha sauti, kama mtu anayetaja jina la marehemu. "Majibu yanakuja," akasema. "Mtayaona. Sikukuu imekaribia."

Sikukuu ya Majibu ndiyo kubwa kuliko zote Upimwani. Nchi nzima inakusanyika uwanjani kati ya majumba mawili, wekundu huku, weupe huku, wote ndani ya fulana mpya. Ngoma zinapigwa, wali unapikwa kwenye masufuria ya kuogea mtoto. Chande na Siwatu walisimama nyuma. Jukwaani alipanda Mheshimiwa Kiwango, Mkuu wa Vipimo vyote, mzee mwenye joho na mtungi wa maji pembeni yake. Alikunywa glasi, akanywa ya pili, akaomba radhi akaenda uani, akarudi, akakohoa ndani ya leso ya hariri, akafungua bahasha ya dhahabu. Mama mmoja alianza kulia kabla ya neno.

"Ndugu wananchi," akasoma Kiwango. "Mwaka mzima mmetoa damu, mate, na vingine ambavyo sitavitaja kwa heshima ya wali. Maprofesa wetu wamekaa, wamepima, wamelinganisha. Na majibu ni haya." Akanywa glasi ya tatu. "Utafiti zaidi unahitajika!"

"Unahitajika!" wakaitikia wote kwa mpigo, na vigelegele vikapasua anga, watu wakakumbatiana, na Bi Kidawa akacheza kwa mguu mmoja.

"Loo!" alisema Chande. "Hivi hawa wamerogwa au wananifanyia mzaha?" Siwatu alikuwa ameshika ukuta, amekunja leso yake haraka, lakini Chande alikwisha kuona damu. Tangu siku ile hakuona cha kuchekesha kwenye mambo ya Upimwani.

Kulipokucha alimshika mdogo wake mkono, akaenda naye Jumba la Wadudu. Profesa Vimelea, bwana wa jumba hilo, alifurahi kama aliyeletewa mahari. Akamsikiliza kifua, akatazama makohozi. "Kifua kikuu kizuri sana," akasema. "Safi kabisa. Nampokea." Kisha mpimaji wake akamnong'oneza jambo kuhusu mkojo, na uso wa profesa ukakunjamana. "Ana sukari? Basi mtoeni haraka, atanichafulia hesabu."

Wakavuka barabara hadi Jumba la Sukari. Profesa Kongosho, mwanamama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kudharaulia, alimpima sukari akapiga makofi. "Hii ni sukari ya kuonyesha wageni! Nampokea." Siwatu akakohoa. Kongosho akarudi nyuma hatua. "Huyu ni wa upande ule. Kikohozi kitanichafulia hesabu."

"Profesa," akasema Chande, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupanda, "hesabu yako ni nini mbele ya mtu?"

"Hesabu yangu ni watu elfu, bwana mdogo. Huyu wako ni mmoja."

Ndivyo kesi ilivyofika Barazani. Na Baraza la Upimwani nalo si mchezo. Mizani kubwa imening'inia darini, Kiwango anakaa chini yake na mtungi wake, maprofesa kulia na kushoto, na wananchi wanaruhusiwa kusikiliza mradi wasiwe na swali. Siwatu aliletewa kigoda kwa sababu miguu ilikuwa inamtetemeka.

"Tatizo ni jepesi," akaanza Vimelea. "Mwanamke huyu ana wadudu. Sukari ameiongeza kwa ujeuri."

"Sukari ndiyo iliyotangulia," akasema Kongosho. "Wadudu wamefuata harufu. Ila simtaki."

"Hata mimi simtaki."

"Basi tumekubaliana kwa mara ya kwanza tangu majumba yajengwe," akasema Kiwango, akaandika hilo kwa furaha.

Chande akasimama. "Waheshimiwa, mimi ni fundi wa majiko, sijasoma. Nauliza tu. Dawa ya kifua hamna?"

"Ipo," akasema Vimelea. "Tuliithibitisha zamani."

"Na ya sukari?"

"Ipo," akasema Kongosho. "Nzuri mno."

"Sasa si mmoja ampe ile, na mwingine ampe ile?"

Baraza zima likacheka, na kicheko hakikuwa cha ubaya. Kilikuwa kile cha watu wazima wakisikia mtoto anataka kula mwezi. "Kijana," akasema Vimelea akifuta machozi, "dawa ikishathibitika si utafiti tena. Sisi ni watafiti. Unataka tufanye kazi ya nani?"

"Na mtu akishatolewa ugonjwa," akaongeza Kongosho, "atakuwa wa jumba gani? Ataitwa nani?"

Chande akaketi chini mwenyewe, bila kuambiwa. Mara ya kwanza tangu azaliwe, na mama yake angekuwepo angeshukuru.

Kiwango, aliyekuwa ametoka kwenda uani na kurudi, akapendekeza njia ya busara. Mwanamke auache ugonjwa mmoja kwa hiari, mbele ya mashahidi, kama mtu anavyoacha mke. "Binti," akamwambia Siwatu, "unaupenda upi zaidi?"

"Wote nimewachoka, baba."

"Chagua mmoja umwache."

Siwatu alivuta pumzi, na kuvuta kwenyewe kulikuwa kazi. Akageukia hewani akasema, "Wewe sukari, nimekuacha. Nakupa talaka. Nenda kwenu." Kisha akamtazama Kiwango. "Imeondoka?"

Wakampima hapo hapo. Sukari ilikuwepo, tena imepanda. Vimelea akasimama akapiga meza: mwanamke huyu amesema uongo mbele ya Baraza. Kongosho akasema hapana, ni sukari iliyokataa kupokea talaka, na jambo hilo linastahili uchunguzi wa pekee. Wakabishana hadi vivuli vikageuka upande. Siwatu alilala juu ya paja la kaka yake akisikia kila neno, na Chande alikuwa akimpepea kwa utepe wake wa buluu alioung'oa mkononi.

Mwisho Kiwango aligonga rungu. "Sheria inasema mtu mmoja, ugonjwa mmoja. Aliyeko mbele yetu ana magonjwa mawili. Kwa hiyo, kwa mujibu wa sheria, aliyeko mbele yetu si mtu mmoja. Na kwa kuwa si wawili pia, Baraza linaona kwamba hayupo. Afutwe."

"Hayupo?" Chande akaruka. "Hayupo huyu anayekohoa? Mheshimiwa, njoo umguse! Ana joto la kukaangia karanga, unaniambia hayupo?"

"Ndugu, kaa chini. Tunakupa pole kwa kutokuwepo kwake." Kiwango alikohoa, akaangalia leso yake, akaikunja haraka, na Siwatu kutoka pale chini alimwona namna alivyoikunja. Ndivyo yeye mwenyewe alivyokunja yake siku ya Sikukuu.

Wakatolewa nje. Chande aliketi kwenye ngazi, akalia wazi wazi bila kujificha, mikono kichwani. Alilia kwa sababu aliona kanga za mdogo wake zikirudi nyumbani zimekunjwa, na mama amesimama mlangoni akizihesabu.

"Wewe unayelia," ikasema sauti. "Amefutwa kweli? Kwa muhuri?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe lililofubaa, funguo nyingi kiunoni. Huyo ni Daktari Mwatime, profesa kama wenzake, tena hodari wa vitabu na maabara, aliyewahi kuongoza Jumba la Wadudu mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kubwa: alimponya mtu katikati ya utafiti. Mchoro mzima wa hesabu zao ukapinda. Wakamvua cheo wakampa kutunza Ghala la Ushindi, mahali zinapofungiwa dawa zilizothibitika ili wageni wa kutoka ng'ambo wakija waonyeshwe.

"Kwa muhuri," akasema Chande. "Hayupo."

"Alhamdulillahi!" akasema Mwatime, na Chande nusura ampige. "Tulia, kaka. Sikiliza. Aliyemo kwenye utafiti ni marufuku kuponywa, ataharibu. Na kila mtu wa nchi hii yumo, hata wewe wa buluu. Wote nimekatazwa kuwagusa. Lakini asiyekuwepo, nani amenikataza? Mshike kule miguuni tumbebe."

Ghala lilikuwa kubwa kuliko Baraza. Rafu zilikwenda hadi juu, masanduku yamepangwa na kila moja lina riboni ya pongezi, na mlangoni pameandikwa DAWA ILIYOTHIBITIKA SI UTAFITI TENA. Chande alitazama akapagawa. Dawa za kifua, za homa, za sukari, nyingine mpya, nyingine zimebakiza miezi michache ziharibike.

"Zimetoka wapi zote hizi?"

"Ungeuliza zimetoka kwa nani," akasema Mwatime akifungua sanduku. "Zimetoka kwenye damu yao. Ya yule mama mnayekaa kwake, kwa mfano. Ile iliyopanda ndege. Zinauzwa ng'ambo, watu wanapona huko, wanaandika barua za shukrani. Barua nazo zipo, kwenye rafu ya nyuma."

"Basi vipimo vyao vyote ni upumbavu!" Chande akapaza sauti. "Sindano zao zote nizitupe mtoni!"

"Acha ujinga," Mwatime akamkata. "Bila sindano zile ningejuaje hiki kidonge kinaponya na kile kinaua? Mimi napenda kupima kuliko hao wote. Ila anayepima unga anakusudia ugali, jamani. Hawa wamepima unga hadi wamesahau jiko." Kisha akafungua madirisha yote, akamwekea Siwatu kitanda penye upepo, akampa vidonge vya kifua na sindano ya sukari, akamwambia, "Utameza kila siku, na utachukia. Ukiacha njiani nitakufufua nikupige."

Siwatu akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko chembamba, lakini Chande alikikumbuka maisha yake yote.

Miezi ikapita. Chande aliwaundia watu wa Upimwani majiko, akawa anafika ghalani na uji usio na sukari. Jasho la Siwatu lilikauka kwanza. Kisha kiu ikapungua, kisha kikohozi kikaanza kusahau saa zake, na asubuhi moja alimkuta mdogo wake amesimama mlangoni kwa miguu yake, anafagia na kugomba kwamba ghala lina vumbi. Chande aliketi kwenye sanduku la ushindi akamtazama anavyofagia, wala hakumsaidia, alitaka aone tu.

Mwatime aliwaambia mnaweza kwenda nyumbani, dawa za kumalizia hizi hapa, na za sukari mtarudi kuchukua. Lakini Siwatu alikataa kuondoka bila kumuaga Bi Kidawa, na siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Majibu.

Uwanja ulijaa kama mwaka uliopita. Kiwango alikuwa amepungua, joho linampwaya mabegani, na mitungi ya maji sasa ilikuwa miwili. Bi Kidawa alikaa mbele kwenye mkeka, mguu wake umevimba hadi gotini. Wapimaji walikuwa wakiupima mzingo kila wiki na kumpongeza. Akanyanyua uso akamwona mwanamke mzima, shavu limejaa, kanga imemkaa.

"Kidole?" akasema Bi Kidawa, kwa kumdhania mgeni.

"Mimi Siwatu, mama."

Pale pale Kiwango alikuwa amefika kwenye neno lake. "Utafiti zaidi," akasema, akakohoa, "unahitajika!" Na watu wakavuta pumzi wote pamoja ili waitikie. Kwenye ukimya ule wa pumzi, sauti ya Bi Kidawa ikasikika uwanja mzima.

"Siwatu? Si ulikuwa unakufa wewe? Umepona kwa nini?"

"Kwa dawa, mama."

"Dawa gani?"

"Iliyotoka kwenye damu yako. Imejaa pale ghalani, hadi darini."

Hakuna aliyeitikia "unahitajika". Zile pumzi zilishuka taratibu. Bi Kidawa aliutazama mguu wake, akaitazama milango ya Ghala la Ushindi, aliyoipita kila siku ya Mungu akienda sokoni. "Na mimi nilikuwa naringa," akasema, na machozi yakamtoka. "Naringa kwamba imepanda ndege."

Chande alidhani watavunja mlango. Alikwisha kuokota jiwe lake. Lakini hawawajui watu wa Upimwani wanaofikiri hivyo, ni watu wa sheria tangu tumboni. Mmoja aliuliza tu, "Huyu aliruhusiwaje?" Siwatu akasema, "Nilifutwa. Sipo." Ule umati ukageuka pole pole, ukapanga foleni mbele ya Baraza.

"Mimi nina magonjwa mawili," akasema wa kwanza, mtu wa utepe mwekundu. Vimelea akakataa, wakampima, wakakuta kweli ana sukari. Wa pili mweupe, wakampima, kifua. Kumbe hakuna aliyekuwa amewahi kupimwa ugonjwa wa jumba la jirani! Wa tatu akawa nayo, wa nne akawa nayo. Wazima wa Kulinganishia nao wakapimwa, na wengi wakakutwa nayo pia, hawana uzima wa kulinganishia. Kiwango aligonga muhuri wa hayupo, hayupo, hayupo. Kongosho alikuja mbio na wazo jipya: Jumba la tatu! La wenye mawili! Fulana zitakuwa za zambarau! Walimsikiliza kwa adabu, lakini hawakuwepo tena, sasa angemwandikisha nani?

Jua lilipoinama, kitini kwa Kiwango palibaki muhuri na mitungi miwili mitupu. Chande alimtafuta kwa macho akamwona mwishoni kabisa mwa foleni ya ghalani, amevua joho amelibeba mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yule mzee alikuwa amejificha nyuma ya cheo, maana Mkuu wa Vipimo kwa sheria hapimwi. Mbele yake alikuwa Bi Kidawa, ameegemea fimbo.

Bi Kidawa aligeuka. "Na wewe, baba, unaumwa nini?"

Kiwango alifungua mdomo, na ulimi ukaenda kwenye njia uliyoizoea. "Utafiti zaidi unahitajika," akasema, kisha akainamisha kichwa akakohoa kwa muda mrefu.

"Unahitajika, baba, unahitajika," akasema Bi Kidawa. Hakumnyooshea kidole. Alimshika mkono mzima, akauona ulivyo wa moto, akamvuta mbele yake kwenye foleni. "Ila leo tumeze kwanza."

Mlangoni Mwatime alikuwa akifungua masanduku na kulia na kutukana kwa pamoja, na alipomwona Siwatu akipita na mzigo wake akampungia funguo. "Mgeni njoo mwenyeji apone!" akamwitia. "Usiache vidonge!"

Kule nyumbani, mama yao alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake anachambua mchele. Alimwona Chande kwanza, yuko mbele na furushi la nguo kichwani, na ungo ukamponyoka, mchele ukatapakaa uwanja mzima. Alianza kupiga yowe. Ndipo Siwatu akatokeza kwenye kona, anavuta miguu kwa uchovu wa safari na kunung'unika kwamba kaka yake anatembea kama mwizi.

"Nguo nimebeba mimi," akasema Chande, "kwa sababu hazimtoshi tena."

Mama alimshika mwanawe uso, akamshika mabega, akamgeuza nyuma na mbele, akalia na kucheka. Na kuku nao siku hiyo walishiba, mchele wote ule.

Mimi nimefika mwisho, koo limenikauka. Anayetaka kuipima hadithi hii na aipime, sina kinyongo, kidole hiki hapa. Majibu tu aturudishie.